Kalamu ya insulini kwenye tumbo lenye michirizi

Ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu niache kichupa na bomba la sindano nikahamia kalamu ya insulini, yaani kifaa chenye umbo la kalamu cha kujichoma dawa ya kisukari, na kwa sehemu kubwa naisifu. Idadi ya yuniti husomeka wazi kwenye kidirisha chake, na sindano ya milimita 4 hufika kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi bila kugusa msuli, hivyo silazimiki tena kubana nyama ya tumbo kila ninapojichoma.

Lawama yangu ni kwa karatasi ya maelekezo. Imetaja tumbo, mapaja, matako na mkono wa juu, lakini haikusema lolote kuhusu ngozi kama yangu, ambayo baada ya uzazi wa pili imejaa michirizi kuanzia chini ya kitovu hadi kiunoni. Nilijichoma mahali hapohapo kwa miezi kadhaa, kwa kuwa palikuwa hapaumi, hadi sukari ikawa leo 6, kesho 15, na chakula ni kilekile. Muuguzi wa kliniki ya kisukari aliniambia, "Mama, lala nikupapase," akapitisha vidole taratibu, kisha akakishika kidole changu na kukiweka juu ya kinundu laini, kikubwa kama korosho. Alinieleza kwamba mafuta hujijenga mahali panapochomwa kila siku, na insulini ikiingia humo hufyonzwa bila mpangilio. Michirizi nayo huepukwa kama makovu mengine.

Anayehama kutoka kwenye kinundu asihame kimyakimya. Mahali pasipo na kinundu hufyonza insulini vizuri zaidi, na dozi ileile inaweza kuishusha sukari kwa hatari. Daktari alinipunguzia yuniti kwanza, na wiki hizo nilipima mara nyingi zaidi. Siku hizi natumia mapaja na pande za juu za tumbo kwa zamu, naacha upana wa kidole kati ya tundu na tundu, nahesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa, na sindano hairudiwi.

Bei ya sindano ndiyo inayoniumiza, maana duka ninalonunua haliuzi pungufu ya boksi la 100. Hata hivyo nitaendelea na kalamu hii. Kinundu kimepungua, nami hukipapasa kila Jumapili kabla ya kuoga.