Uchambuzi wa pleko wa mto Xingu, na namna ya kumpokea katika maji ya Bukavu

Watazamaji wapendwa, nawasalimu kutoka Bukavu. Leo tunamchambua samaki ambaye wengi hununua kwa ajili ya rangi yake, kisha akafa kabla hawajamjua: pleko, yaani kambare mwenye magamba magumu anayejibandika kwa mdomo, huyu akiwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Baryancistrus xanthellus, ambaye madukani hutajwa zaidi kwa namba L018. Mfumo huo wa namba ulianzishwa mwaka 1988 na jarida la Kijerumani DATZ, kwa sababu pleko walikuwa wakifika sokoni kabla wataalamu hawajawapa majina, na huyu alisubiri jina lake la kisayansi hadi mwaka 2011. Kwao ni mto Xingu nchini Brazili peke yake, kwenye miamba yenye maji ya kasi, na wengi wanaouzwa huwa wamevuliwa mtoni humo, hawakuzaliwa katika tangi la mfugaji.

Kabla hamjatoa pesa, mwombeni muuzaji asubiri samaki ajibandike kwenye kioo, kisha mtazame tumbo. Tazameni huyu wangu: ngozi kati ya mapezi ya kifuani na yale ya tumboni iko sawasawa, imevimba kidogo tu, na macho yamejaa katika matundu yake. Samaki ambaye tumbo lake limebonyea kama kijiko, na macho yake yameingia ndani, amekaa na njaa siku nyingi, na utumbo wake, ambao ni mrefu na umezoea kupitisha chakula mchana na usiku, huenda usirudi tena katika kazi yake. Mwacheni hata akipunguzwa bei. Ninasema hivyo kwa masikitiko, kwa maana naye ni kiumbe, lakini kumnunua kwa huruma hakumponyi.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa ninaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ushauri unaotolewa sehemu nyingi za dunia unaweza kumuua samaki huyu hapa kwetu. Mmeambiwa mara nyingi kwamba samaki mgeni azoezwe polepole, kwa kudondosha maji ya tangi ndani ya mfuko wake tone kwa tone kwa saa moja au mbili. Fikirini yaliyotokea ndani ya mfuko huo safarini. Samaki amepumua, kaboni dioksidi imejaa, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, imeshuka, na amonia, taka aliyoitoa mwilini, imebaki katika umbo lisilo na sumu kubwa. Mfuko ukifunguliwa, kaboni dioksidi hutoka, pH hupanda, na ile amonia hugeuka kuwa sumu kali. Kwenye pH ya 7 na joto la nyuzi 25, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH ya 9 inazidi theluthi moja. Na maji ya juu ya ziwa Kivu yana pH inayokaribia 9. Kwa hiyo anayedondosha maji ya Kivu katika mfuko uliosafiri mbali anampikia samaki sumu, huku akiamini kwamba anamhurumia.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kuandaa maji ya tangi mapema ili yamfae samaki, yaani pH kati ya 6.5 na 7.5 na joto la nyuzi 27 hadi 30, kisha kumhamisha haraka. Hapa Bukavu mvua haitunyimi, nasi tunaweza kuchanganya maji yake na yale ya ziwani au ya bomba, tukipima hadi tufikie kiwango hicho. Maji ya mvua peke yake hayana madini ya kuizuia pH isiyumbe. Ndugu zetu wa Goma wawe waangalifu, kwa kuwa moshi wa volkano ya Nyiragongo huitia mvua asidi na floridi. Mfuko uliofungwa uelee tangini hadi joto lilingane, kisha ufunguliwe, na samaki aingizwe tangini papo hapo kwa bakuli, bila maji ya mfuko. Wavu msiutumie, kwa sababu miiba ya mapezi na ya mashavu hunasa humo, na kumnasua ni kumjeruhi.

Jambo la pili ni hewa. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15. Mkiyapasha moto hadi nyuzi 28, hupungua zaidi. Samaki wa maji ya kasi hawezi kuvumilia hali hiyo bila pampu ya hewa. Nunueni pampu yenye betri, maana umeme ukikatika usiku joto litashuka taratibu, na blanketi juu ya tangi litasaidia, lakini hewa haina cha kuisaidia.

Awekwe peke yake kwa wiki 4, katika tangi lenye mbao na mawe ya kujificha, taa ikiwa hafifu. Samaki wa mtoni huja na minyoo na vimelea vingine, lakini dawa isitiwe kabla hajaanza kula, isipokuwa dalili ziwe wazi, na dawa zenye shaba ziepukwe, kwani pleko huzistahimili vibaya.

Kuhusu chakula, wengi humwekea asubuhi na kukitoa jioni, ilhali mgeni huyu hula gizani. Wekeni mawe machache juani ndani ya beseni la maji hadi yaote utando wa kijani, kisha myatie tangini taa zikishazimwa. Ndicho chakula anachokijua. Baadaye ongezeni kipande cha kurjeti (aina ya boga changa) au lengalenga (mchicha) za sokoni Kadutu zilizochemshwa kidogo na kuoshwa vizuri. Kinyesi kirefu cha kijani asubuhi ni habari njema kuliko rangi yoyote.

Ninamkubali samaki huyu kwa mwenye tangi la lita 300 au zaidi, kwa kuwa hupita sentimita 20, na kwa mwenye pampu ya betri. Atakayeshindwa kumtunza amtafutie mlezi mwingine, wala asimwage ziwani. Sambaza, dagaa tunaowala, waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa makusudi ya wataalamu wa uvuvi. Lakini pleko wakubwa wa aina ya Pterygoplichthys walifika mito ya Florida na Meksiko kutoka matangini na mashambani mwa wafugaji, na sasa huchimba kingo za mito kwa ajili ya kutaga.