Treni ya Hammersmith pale London: nyota nne, ya tano nimeizuia

Assalam aleikum jamani. Tangu nirudi Lamu kila nikikaa barazani naulizwa baridi ilikuwaje na samaki wa kule wana ladha gani, hakuna hata mmoja anayeniuliza habari ya treni, na treni ndiyo niliyopanda karibu kila siku kwa miezi miwili na nusu, kwa hivyo leo nayaandika yote hapa, anayekwenda London kwa mwanawe au kwa nduguye asome.

Mimi nilikwenda kwa binti yangu, kajifungua mtoto wa kwanza, nkasema hamalizi arobaini peke yake na mimi mamake niko hai. Wanakaa karibu na stesheni ya Wood Lane, magharibi ya mji, na laini zinazopita pale ni mbili, Hammersmith & City na Circle, zinakwenda pamoja reli moja mpaka Liverpool Street ndipo zinaachana. Nianze na mazuri maana ni mengi. Treni zenyewe zina AC, na mabehewa yote saba yameungana, hakuna milango katikati, ukisimama nyuma unaona mpaka mbele kama ukumbi wa harusi, na kigari cha mtoto kinaingia bila kugombana na mtu. Wood Lane kuna lifti. Kadi unagusa ukiingia na unagusa ukitoka, msisahau hiyo ya kutoka mtakatwa nauli kubwa, na ukishafika kiwango cha siku haikukati tena hata uzunguke mpaka usiku. Nilikuwa naenda Whitechapel kununua embe na bamia, moja kwa moja bila kubadilisha, na sikumbuki siku niliyosimama pale mpaka miguu ikauma.

Sasa kuna kitu nilikiona. Treni kila ikija inasimama pale pale. Nilikuwa nasimama na kigari mahali pamoja kila asubuhi na mlango unafunguka mbele yangu, leo, kesho, kesho kutwa. Mkwe wangu ni fundi wa umeme wa reli, kazi yake ya usiku, nkamwambia madereva wenu hodari wallahi. Akasema, "Mama, anayesimamisha si dereva, ni kompyuta. Dereva anaangalia milango, anabonyeza iondoke, basi." Na akaniambia hapa hapa kwenu, kutoka Hammersmith mpaka Latimer Road, ndipo mtambo mpya wa kuongoza treni ulipowashwa mwanzo kabisa, Machi 2019.

Akanieleza zamani ilikuwaje na mimi nawaeleza kwa lugha yetu. Reli ilikuwa imekatwa vipande, kila kipande na taa yake, treni ikiwa ndani ya kipande taa nyuma yake inakuwa nyekundu na mwenzake hasogei mpaka kipande chote kiwe wazi, hata kama ya mbele imebakisha mkia tu kutoka. Waendao Siyu na Faza fikirieni ule mkondo mwembamba wa Mkanda maji yakiwa madogo, nahodha hamuoni mwenzake kwenye mikoko basi anangoja mdomoni mpaka asikie ametoka upande wa pili. Mtambo mpya ni kama manahodha wote wana simu mkononi na mtu mmoja anawasikia wote, treni inasema kwa redio niko hapa, naenda kasi hii, kompyuta inaijibu unaweza kufika mpaka hapa usizidi, na ya nyuma inaifuata kwa karibu bila hatari. Ndiyo maana walilenga kupitisha treni 32 kwa saa moja pale katikati ya mji. Tena reli yenyewe ndiyo kongwe kuliko zote za chini ya ardhi duniani, kipande cha Paddington mpaka Farringdon kilifunguliwa 1863, na kibanda cha signali, yaani cha kuongoza zile taa na njia za treni, cha Edgware Road kilikuwa cha 1926, watu wanavuta nyenzo za chuma kwa mkono mpaka juzi juzi. Sijui kama mmeelewa, treni mpya kabisa ya AC ilikuwa inapita kwa ruhusa ya nyenzo iliyowekwa babu yangu akiwa kijana.

Mpaka hapo ningetoa nyota tano nkalala. Lakini nkamuuliza kazi yote ya kuweka mtambo huo ilikuwa imalizike lini, akasema 2018. Nkasema ah. Baada ya hapo kila akirudi alfajiri nikiwa nimeshasali ananikuta na chai na maswali.

Kisa chenyewe ni hiki, na kinajulikana kule, si siri. Kabla ya yote kulikuwa na kampuni ya Metronet iliyopewa kuzitengeneza laini hizi na nyingine, ikaanguka 2007. Halafu 2011 wenye treni, Transport for London, wakampa tenda ya signali kampuni ya Bombardier kwa pauni milioni 354, laini nne, Circle, District, Hammersmith & City na Metropolitan, ambazo ndizo kama asilimia 40 ya mtandao wote. Mwisho wa 2013 wakaachana. Kazi haijafika popote na Bombardier akaondoka na pauni milioni 85. Agosti 2015 wakampa kampuni nyingine, Thales, na safari hii bei ni pauni milioni 760, zaidi ya mara mbili, na tarehe ikasogezwa miaka mitano mbele, 2023. Na 2023 ikapita na mafundi bado wako kwenye reli. Mwaka 2024 hata hiyo Thales biashara yake ya reli ikauzwa kwa Hitachi. Ukiweka na treni zenyewe 192 na mengineyo mradi wote ni mabilioni ya pauni, kama tano na kitu.

Nilipoisikia hiyo 354 na 760 moyo ulinipiga, maana hiyo ni hadithi ya nyumba yangu. Wanaonijua wanakumbuka, nyumba ya marehemu baba pale Mkomani, boriti za dari ya chini zilikuwa zimeanza kuoza. Akaja fundi wa kwanza, akaangalia juu na tochi, hakupanda hata ngazi, akataja bei nzuri na akasema mwezi mmoja. Tukafurahi. Alipobandua chokaa akakuta boriti tulizodhani tatu ni kumi na moja, na ncha zilizoingia ukutani zimekuwa unga, na ukuta wenyewe wa mawe ya matumbawe umekaa juu ya hizo hizo, ukichomoa moja na nyingine inashuka. Akafanya wiki mbili, akataka pesa zaidi, akaondoka, tukabaki na vumbi na magogo ya kuegemeza dari sebuleni. Fundi wa pili alikuwa mzee, bei yake karibu maradufu, na siku nne za mwanzo hakufanya chochote cha kuonekana, alikuwa anagonga boriti moja moja anasikiliza na kutoboa vitundu. Halafu akafanya chumba kwa chumba na sisi tumo ndani tunapika na kulala. Ilichukua karibu mwaka. Dari iko mpaka leo.

Hiyo ya kufanya na watu wamo ndani ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo nataka mtu aielewe kabla hajawatukana mafundi. Treni za mwisho zinaondoka baada ya saa sita usiku na kabla ya saa kumi na moja alfajiri lazima reli iwe tayari tena, humo katikati ukatoe umeme, uingize watu, ubebe vyombo, ufunge kebo, ujaribu, uhakikishe hakuna spana iliyobaki relini, urudishe umeme. Mkwe wangu anasema usiku ukiwa mzuri wanapata saa tatu hivi za kazi ya kweli. Ndiyo maana wanafunga wikendi. Tena laini hizi nne zinaingiliana kama vichochoro vya Langoni, na kwenye ncha zake zinatumia reli pamoja na treni za watu wengine, Metropolitan na treni za Chiltern, District na za Overground kule Richmond, kwa hivyo ukigusa hapa umegusa na kule.

Kwa hivyo polepole si dosari kwangu. Nilichokizuilia nyota ni ile bei ya 2011 na ile tarehe ya 2018. Vilisemwa chokaa haijabanduliwa. Mtu akikutajia milioni 354 na mwenzake aliyewahi kufanya nyumba kama yako akahitaji 760, hiyo tofauti si ulafi, ni boriti zilizo ukutani ambazo wa kwanza hakuzigonga. Na pesa zile milioni 85 ni nauli za watu, ni za wale kina mama wa usafi ninaowaona saa kumi na moja alfajiri wamelala wamekaa, zimelipwa kwa kazi ambayo ilibidi ianzwe upya.

Na msidhani haiwezekani kufanywa vizuri, inawezekana pale pale London. Laini ya Jubilee ilikuwa imalizike 2009 ikaisha 2011, wikendi ngapi watu hawana treni, tabu tupu. Halafu mtambo ule ule wa Thales ukapelekwa laini ya Northern na ikaisha 2014, kabla ya tarehe. Mkwe wangu anasema siri ni kwamba walishajifunza Jubilee na wakaenda na yale waliyojifunza. Sasa mbona kwa laini nne ngumu kuliko zote wakaenda kwa mtu mwingine? Hapo sijapata jibu linaloniridhisha zaidi ya bei. New York nao yamewapata, laini yao ya 7 mkataba 2010, ilikuwa imalizike 2016, ikaisha 2018, na ile ni laini moja tu haina mchanganyiko mkubwa.

Kwetu hapa gari zenyewe za kuhesabu, sitegemei treni Mkomani. Lakini jeti za boti tunajengewa na kuta za bahari tunajengewa na tunapiga makofi siku ya kutajwa bei, na mimi sasa ntakuwa naomba kuuliza nani amegonga boriti.

Ukienda, wikendi angalia kwanza kama laini iko wazi kabla hujavaa. Usipande saa mbili asubuhi na kigari, ngoja saa tatu na nusu ipite. Na Wood Lane simama kwenye alama usihangaike kukimbilia mlango, utafunguka mbele yako. Mjukuu wangu alikuwa akisikia ile sauti ya milango anafumbua macho, na babake wakati huo ndiyo kwanza ameshika usingizi.