Nyumba ya kupanga Shangani, Mtwara: rangi mpya, ukungu ule ule

Nyumba ya vyumba viwili Shangani, nimepanga kupitia dalali, jina la mwenye nyumba sitaji. Nyota mbili, ya maji na ya ulinzi, basi. Tuliingia kiangazi ukuta umepakwa rangi safi kabisa, sasa mvua zilivyoanza tu chumba cha watoto kikatoa madoa meusi, godoro linanuka uvundo, nguo kabatini zinaota ukungu, na mdogo wetu mwenye pumu anakohoa usiku kucha, yaani nikimpeleka kwa shangazi yake Mikindani anatulia, akirudi tu inaanza upya.

Jamani ukungu sio uchafu wa kuchukiza macho tu. WHO kwenye mwongozo wao wa 2009 walisema wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wanapata zaidi matatizo ya kifua na pumu, na hawakutaja kiwango chochote kwamba hiki ni salama, walichosisitiza ni kuzuia unyevu wenyewe. Ndo maana jiki na rangi hazikusaidia kitu, fundi alivyobomoa plasta akakuta bomba la bafuni linavuja taratibu ndani kwa ndani. (Msichanganye na chumvi ya ukutani tuliyoizoea huku pwani, ile ya unga mweupe, ile ukiilowesha inayeyuka.)

Mwenye nyumba jibu lake lilikuwa fungueni madirisha. Tumefungua sana. Wasaidizi wa kisheria ndo walitufungua macho, kumbe Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 88 inamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba inafaa kuishi binadamu unapoingia na muda wote unaokaa, na wapangaji wengi hatulijui hili kabisa inauma. Mwandikie barua ubaki na kopi, piga picha, tunza karatasi za hospitali na risiti za dawa. Mkishindwana mnaanza Baraza la Kata kusuluhishwa, ikishindikana ndo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila usigome kulipa kodi kwa hasira, utampa sababu ya kukutoa.

Barua ilivyofika bomba likabadilishwa, lakini ukuta mpaka leo mbichi, sisi tumehama na kodi iliyobaki hajarudisha, hiyo ndo tunaipeleka kata. Dalali ameanza kuitangaza tena, ukienda kuiona ingia chumba kinachopakana na bafu, sogeza kabati, shika ukuta kwa kiganja hapo chini.