Uzoefu wangu: kuiongezea nguvu Dell OptiPlex 7010, na vifaa inavyovikubali

Mashine ninayoizungumzia ni Dell OptiPlex 7010, lile umbo dogo la SFF ambalo steshenari nyingi za Dar es Salaam wanalo. Ni toleo la mwaka 2012, na hapa kwetu nyingi ni za mtumba. Yangu ilikuja na prosesa ya Core i3-3220, RAM ya GB 4 na diski ya kawaida ya kuzunguka (HDD). Kuchapa barua inaweza bila shida, ila fungua Photoshop utengeneze kadi za mchango huku kurasa za intaneti ziko wazi, mteja atasimama kaunta mpaka achoke. Nimeiongezea nguvu badala ya kununua nyingine, na nimeridhika sana. Ila nataka nieleze zaidi jinsi ya kujua kifaa gani kitakubali, maana hapo ndipo watu wengi wanaliwa hela.

Anza na stika ya Service Tag, yaani namba ya utambulisho wa mashine, kwenye kasha. Ingiza hizo herufi na tarakimu 7 kwenye tovuti ya Dell, utaona mashine ilivyotoka kiwandani. Kwa kuwa mtumba huwa umeshapita mikononi mwa mafundi, weka pia CPU-Z, programu ya bure. Inakuonyesha ubao mama, chipseti (chipu zinazouratibu ubao huo), toleo la BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine), na hata RAM iliyopo kwenye kila sloti, bila kufungua skrubu hata moja.

Kwenye prosesa, 7010 ina soketi (kikalio cha prosesa) ya LGA1155 na chipseti ya Q77, kwa hiyo inapokea Intel za kizazi cha 2 na cha 3. Nilifunga i7-3770, viini 4 na nyuzi 8, wati 77. Sasa angalia hii: ndugu yake mkubwa, OptiPlex 990, ana soketi hiyo hiyo. i7-3770 itakaa pale vizuri kabisa, lakini mashine haiwaki, kwa sababu BIOS yake haikijui kizazi cha 3. Kule mwisho ni i7-2600 na wenzake. Ndiyo maana muuzaji akikwambia "ni i7", muulize i7 ya ngapi, na usome namba iliyochongwa juu ya chuma chenyewe.

RAM ndiyo inayowatesa watu zaidi. Mashine hii inatumia DDR3, ina sloti 4, na inafika GB 32. DDR4 haiingii, pengo lake limekaa mahali pengine. Za laptop ni fupi, utaziona kwa macho. Tatizo ni RAM za seva. Urefu ni ule ule, pengo ni lile lile, zinaingia mpaka vishikizo vinabana, halafu unawasha na hakuna kitu kwenye skrini. Duka moja lilitaka kuniuzia hizo kwa bei ya kutupa na kuniapia kwamba "DDR3 ni DDR3". Soma stika. Ikiandikwa PC3-12800U au PC3L-12800U, chukua. Mwisho wa namba hiyo pakiwa na R, ni ya seva, rudisha hata kama unapewa nusu bei. Herufi moja tu, lakini ndiyo inayoamua. Nilichukua GB 8 mbili zenye U, zikasomeka mara moja.

SSD, diski ya kasi isiyozunguka, haina maneno mengi: nunua ya SATA ya inchi 2.5. Hii ndiyo iliyobadilisha mashine kuliko kitu kingine chochote. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, anza hapa. Usivutwe na NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, inayofungwa kwenye adapta. Windows itaiona kama sehemu ya kuhifadhi mafaili, lakini BIOS ya kiwandani haiwezi kuwashia kompyuta kutoka humo.

Kadi ya grafiki inabanwa na vitu viwili. Kasha la SFF linataka kadi ya kimo kifupi, na pawa saplai ni ya wati 240 tu, haina waya wa ziada wa kulisha kadi, hivyo umeme wote unatoka kwenye sloti, nao una kikomo. Nilichagua GT 1030, inayokula wati 30. Hakikisha kumbukumbu ya kadi yenyewe ni ya GDDR5, kwa sababu kuna ya DDR4 yenye jina hilo hilo na ni nzito waziwazi. Na kama unafikiria kubadilishiana pawa saplai na 3020, 7020 au 9020, acha: zile zinatumia plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, 7010 inatumia ya pini 24.

Photoshop sasa inafunguka bila kumsubirisha mtu, na naichapisha kadi huku nikihariri nyingine. Upungufu ninaouona ni Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Hakuna RAM wala SSD itakayolitatua hilo. Kama kazi yako inashika taarifa nyeti za watu na ni lazima uwe na Windows 11, tafuta OptiPlex 7060 na uweke hela yako huko.