Mche wa mwembe kabla ya masika: inua kiriba kwanza

Tangu vuli iishe napokea lalamiko lile lile: mwembe umepandwa, samadi ipo, maji yapo, lakini umedumaa vile vile ulivyotoka kitaluni. Kila mmoja namuuliza: uliiona mizizi kabla ya kulipa? Kimya.

Mambo ya majani mabichi yasiyo na madoa mnayajua, siyarudii. Inua kiriba, ule mfuko wa mche, utazame chini. Mizizi minene ikishatoboa na kuzama ardhini, muuzaji ataung'oa mche kwa nguvu, mizizi ibaki kwake, ukanyaukie kwako. Iliyojizungusha ndani ni balaa zaidi, kwa sababu hata ukishapanda huendelea kuzunguka, na baada ya miaka shina hukabwa au upepo huangusha mti mzima. Ukiona mche mrefu, shina nene, kiriba kidogo, ujue umekaa mno. Na msidanganywe na maua! Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo (kijiti) cha mti mwingine, huweza kuchanua ungali kwenye kiriba, kwa vile kikonyo hicho kilitoka kwenye mti mkubwa. Mwambie muuzaji achane kiriba kimoja. Akigoma, muage.

Kwa viwanja vya Dar na Tanga, chaguo langu la kwanza ni embe Apple, na upendeleo wangu siufichi: tamu, nyama laini, nyuzi karibu hakuna. Ndiyo, maua yake hushambuliwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga. Bado naichukua. La pili ni mchungwa wa Msasa, ule wanaoulima Muheza. Mpapai ni wa tatu. Panda miche mitatu shimo moja, ikichanua ndipo ung'oe madume. Parachichi la Hass waachieni Njombe na Rungwe, joto letu haliliwezi.

Miche ya mwembe ya mbegu, isiyobebeshwa, ni bei poa. Kivuli utapata, tunda subiri.

Kinachonikera ni hawa wauza miche wa kando ya barabara. Tone la kwanza likidondoka, mche wa jana unapanda bei. Ukishuka wewe kwenye gari, bei inapanda tena. Lebo hakuna, kila mche ni "Apple, mama, nakuhakikishia", na embe la kwanza likija kuiva miaka mitatu au minne mbele, ni dodo, na mwenye kitalu keshahama. Mimi nanunua Februari kwenye kitalu chenye mti mama ninaoweza kuuona kwa macho, naiweka miche kivulini, nangoja mvua ishike.