Bastola ya miaka mitatu kasoro mwezi: nilivyoomba kibali cha silaha Uganda

Akina mama wenzangu wa nafaka wameniuliza hili mara nyingi: je, mfanyabiashara wa kawaida hupewa bastola kweli, na huchukua muda gani? Hupewa. Mimi nilianza Septemba 2019 nikashika cheti Agosti 2022, miaka mitatu kasoro mwezi mmoja. Mji wangu uko mpaka wa mashariki, upande wa Kenya. Siutaji, kwa sababu kuna ofisi nitakayoisema vibaya na waliomo bado tunasalimiana sokoni.

Nanunua mahindi na maharage vijijini, nauza kwa wenye malori wanaovuka. Mkulima wa kwetu anataka noti mkononi. Usimwambie habari za pesa ya simu. Julai 2018 ilipokuja kodi ya asilimia 1, hata ilipopunguzwa baadaye ikawa nusu asilimia kwa pesa inayotolewa tu, wazee walishakata shauri: kutoa ni ada, juu ya ada ni kodi, na wakala mwenyewe yuko kilomita nane. Kwa hiyo msimu ukifika natembea na mfuko. Julai 2019 tukakuta gogo limelala barabarani saa moja jioni. Walikuwa wanne, mmoja na bunduki. Walichukua milioni saba na dereva wangu akapigwa kitako cha bunduki sikioni. Hadi leo ukiwa upande wake wa kushoto humsemeshi, unamgusa bega.

Ndipo nikaamua. Mimi ni mtoto wa askari, nimekulia kambini Jinja, Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata huko kabla sijajua Kiganda vizuri. Bunduki hainishangazi wala hainifurahishi. Baba alikuwa akisema silaha ni kama ng'ombe wa maziwa, ukiileta nyumbani umejipa kazi ya kila siku.

Kwa asiyejua: sheria yetu ya silaha ni ya mwaka 1970, na anayetoa kibali ni Mkuu wa Polisi mwenyewe, Inspekta Jenerali. Lakini karatasi haziendi kwake moja kwa moja, zinapanda ngazi. Mimi nilianza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nikaenda kwa GISO, afisa usalama wa gombolola (kata), kisha kwa OC, mkuu wa kituo cha polisi, kisha wilayani kwa DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, na huko ndiko zilikotakiwa kuondoka kwenda Kampala. Nilidaiwa pia karatasi ya daktari kwamba akili yangu ni timamu, cheti cha tabia njema, alama za vidole, na maelezo ya mahali nitakapoifungia. Nikanunua sanduku la chuma kwa fundi, nikalifunga kwa nondo ukutani chumbani, afande akaja kulitingisha.

Mwenyekiti alikuwa mpya, wa uchaguzi wa 2018, ule uliokuja baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa LC1, na muhuri wake bado ulikuwa na wino mzuri. Aliandika barua kwa mwandiko wa polepole, akasimama katikati.

"Mama, na wenye mji wanajua?"

"Mwenye mji, mume wangu, amelala makaburini mwaka wa sita huu, Mwenyekiti. Ukimpata muulize."

Akacheka, akapiga muhuri, akapokea pesa ya soda. Kwa OC nako swali likarudi kwa sura nyingine: nitafanya nini mwanamume akiniudhi ndani ya nyumba? Kwenye benchi nilikuwa nimeketi na mwenye duka la vipuri, naye anaomba kama mimi. Yeye aliulizwa anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi.

Hayo yote yaliisha kwa wiki tisa. Hapo sina neno baya. Watu walikuja nyumbani, waliuliza majirani, walimuuliza hata mwalimu wa madrasa ya wajukuu kama nina ugomvi na mtu. Silaha haitolewi kama unga wa posho. Juni 2018 mbunge wa Arua, Ibrahim Abiriga, aliuawa kwa risasi akikaribia kufika kwake, na Rais akaagiza bunduki zote zichukuliwe alama zake ili risasi ikiokotwa ijulikane imetoka wapi. Baada ya hapo ungetegemea wachunguze kwa makini, na walichunguza.

Novemba 2019 faili langu likafika wilayani. Karani akalipokea, akaliweka juu ya rundo, akasema, "Tutakupigia."

Hawakupiga. Februari nikaenda. "Limeenda Kampala, mama." Mwishoni mwa Machi 2020 corona ikafunga nchi, magari ya abiria yakasimama, hata bodaboda zikabaki kubeba mizigo tu. Sikuwalaumu. Nani angeshughulikia bastola ya muuza mahindi wakati madereva wa malori wanapanga foleni ya kilomita nyingi mpakani wakisubiri kupimwa? Septemba nikarudi. "Kampala hawajajibu." Desemba nikarudi. "Mama, uchaguzi huu. Hakuna atakayesaini silaha ya raia kabla ya uchaguzi." Uchaguzi ukapita Januari 2021. Nikarudi. "Subiri mambo yatulie."

Kila jibu, ukilitazama peke yake, lilikuwa na akili ndani yake. Ndiyo sababu nilizungushwa muda mrefu bila kukasirika. Mtu akikudanganya kijinga unamgundua siku hiyo hiyo, lakini huyu karani hakuwa akinidanganya. Aliamini limeenda, kwa sababu mafaili ya Novemba yalikwenda. Hakuna aliyefungua rejista kutazama mstari wangu, na mimi sikuomba afungue.

Machi 5 mwaka huo Kenya ikazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Malori yakalala mpakani na mimi nina tani kumi na mbili ghalani. Serikali mbili zikaandikiana, na baada ya siku chache mlango ukafunguliwa tena kwa masharti: upimaji, vyeti, usajili wa waagizaji. Siku chache! Nilikaa juu ya magunia yangu nikahesabu kwamba faili langu lilikuwa na miezi kumi na sita wilayani. Kumbe karatasi hukimbia ikiwa kuna mtu anayeisubiri upande wa pili.

Wakati huo nilikuwa nakodi mlinzi mwenye bunduki kutoka kampuni binafsi kila siku ya kununua. Huduma hiyo nayo niiseme kidogo. Kijana alikuja na bunduki iliyofungwa mkanda kwa kamba ya katani, akalala kwenye kabini kuanzia kilomita ya tatu. Mshahara wake aliniambia mwenyewe, na niliposikia nikaanza kumnunulia chakula cha mchana, kwa huruma na kwa hofu pia. Mtu mwenye njaa na bunduki, ameketi na mwanamke mwenye mfuko wa milioni kumi. Sikumdhania vibaya kijana wa watu, lakini Mei 2023, Waziri Charles Engola alipouawa na askari aliyekuwa akimlinda, na siku chache baadaye mkopeshaji mmoja wa Kampala akauawa ofisini kwake na polisi aliyekuwa anadaiwa, nilikumbuka zile safari za kabini nikatetemeka nikiwa nimeketi salama kwangu.

Kulikuwa na njia ya mkato pia. Jamaa mmoja wa magendo alinifuata ghalani. "Mama, unateseka bure. Ipo, na risasi zake zipo. Wiki moja." Bei yake ilikuwa chini ya gharama ya kumkodi mlinzi kwa msimu mmoja. Nilimfukuza, na sidai kwamba ni kwa sababu ya uadilifu mwingi. Siku zile raia aliyekutwa na silaha isiyo na kibali alikuwa akifikishwa mahakama ya kijeshi, jambo ambalo Mahakama ya Juu ilikuja kulikataa Januari 2025, na Bunge likalirudisha kwa sheria mpya mwaka huo huo. Mtoto wa kambini anaijua ile mahakama kwa sifa zake. Lakini nilielewa kilichomleta kwangu. Biashara yake inalishwa na majibu ya "rudi mwezi ujao".

Juni 1, 2021 gari la waziri, Jenerali Katumba Wamala, likamiminiwa risasi Kisaasi, Kampala. Yeye akapona, binti yake na dereva wake wakafa. Karani aliniambia, "Sasa ndiyo usahau, mama, watakaza." Kisha corona ikafunga tena safari za wilaya kwa wilaya. Zilipofunguliwa, Agosti, nikapanda basi nikaenda Kampala mwenyewe.

Nilitegemea kufukuzwa getini. Badala yake binti mmoja wa kaunta, wa umri wa mwanangu wa mwisho, alinikalisha, akaandika jina langu kwenye karatasi, akatoweka dakika arobaini. Akarudi na vumbi kwenye mkono wa sweta.

"Mama, faili lako halijawahi kufika hapa."

"Wilayani wanasema nyinyi hamjajibu."

"Tutajibu nini, mama? Hatujaulizwa."

Akaniandikia namba yangu ya rejista ya wilayani ilivyopaswa kuonekana, akaniambia nikifika niombe kitabu kifunguliwe mbele yangu na nisitoke. Nikafanya hivyo. Karani alishuka na kidole ukurasa wa Novemba 2019, akakuta jina langu, akakuta safu ya "lilikotumwa" nyeupe. Akaenda kabatini. Rafu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lilikuwa rafu ya chini kabisa, ya mafaili yaliyokataliwa. Pini ya faili langu ilikuwa imenasa kwenye jalada la mwombaji mwingine, moja limeingia ndani ya jingine kama sahani kwenye sahani. Yule mtu alikataliwa, faili lake likapelekwa kulala, na langu likaenda naye. Miezi 21. Karani alilivuta taratibu, pini ikachana kona ya picha yangu, sikio la kulia likabaki kwenye jalada la mgeni.

Hakusema pole. Alisema, "Hizi barua zimepitwa na wakati." Na kweli zilikuwa zimepitwa. Nikarudi kwa daktari athibitishe upya kwamba sina wazimu, ingawa siku hiyo mwenyewe sikuwa na uhakika. Cheti cha tabia njema upya, picha upya, na mwenyekiti akapata soda ya pili.

Safari hii lilikwenda. Liliwasilishwa Oktoba 2021 na majibu yakaja Juni 2022. Miezi minane, na ndani yake niliitwa kuhojiwa mara moja na kupigiwa simu mara mbili. Sikuiona mirefu, nilijua liko meza gani. Kisha mafunzo ya kutumia silaha. Tulikuwa sita, wenzangu watano wanaume, mmoja ana kampuni ya ujenzi. Amri zote kwa Kiswahili, kama kawaida ya askari: fungua, kagua, lenga, tulia. Wale mabwana walikuwa wakitazamana kabla ya kufuata. Mimi nilirudi utotoni kabisa, nusura nimwitikie mwalimu kwa sauti ya baba yangu. Nikashindwa kulenga, lakini amri sikukosa hata moja.

Kama ningetakiwa kutoa nyota, uchunguzi ningeupa nne: haukuwa mzaha. Binti wa kaunta nampa tano. Ile kabati ya wilaya siipi hata moja, na karani simwekei kinyongo, maana nimeona meza yake: mafaili ya ajali, ya mifugo iliyoibwa, ya wanaotaka barua ya simu iliyopotea, yote kwa mtu mmoja na kalamu moja aliyoifunga kwa uzi ili isitembee.

Msitegemee kwamba mkishaipata mmemaliza. Cheti ni cha mwaka, kila mwaka unarudi kukihuisha. Na silaha ya kivita usiiombe, raia hapewi, utapoteza nauli. Mimi nimeitoa sandukuni kwa kazi za msimu tu, sijawahi kuielekeza kwa mtu, na siku hizi wakulima wawili wakubwa wamekubali niwalipe kupitia benki, kwa hiyo mfuko umepungua uzito.

Jambo moja tu ningelifanya tofauti. Nilipopeleka faili Novemba 2019 nilikuwa na nakala ya kila kitu, nimezipanga vizuri kwenye bahasha ya kaki. Sikumwomba karani azipigie muhuri wa kupokea wenye tarehe na namba. Niliona haya kumsumbua, alikuwa anakula mhogo.