Hohner Special 20 baada ya miezi minane: hamonika haina shida, shida ni kishikio cha shingoni

Nianze na kosa langu mwenyewe, nisije nikamsingizia mtengenezaji. Wiki ya kwanza niliamini nimeletewa hamonika mbovu. Shimo la pili, ukilivuta (yaani ukiingiza pumzi badala ya kupuliza), lilikuwa linakoroma kama mtu mwenye mafua, na mara nyingine halitoi sauti kabisa. Nikamwandikia shemeji aulize kama dukani wanapokea bidhaa iliyorudishwa. Jumapili jamaa tunayepiga naye gita kanisani akaichukua, akaifuta kwenye shati, akavuta shimo lilelile: sauti safi, nene, haina mkwaruzo. Akanirudishia bila kusema neno, jambo lililoniuma zaidi.

Kumbe nilikuwa nafyonza kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija. Taya limekaza, ulimi umepanda. Shimo la pili la hamonika ya C halitaki nguvu, linataka koo lililolegea, kama unayeficha miayo mbele ya wakwe. Ilinichukua siku kumi hivi. Kwa hiyo ukisoma mahali mtu analalamika kwamba shimo la pili limekufa, kwanza muulize ana wiki ngapi.

Basi, kitu chenyewe ni Hohner Special 20, kii ya C, mashimo 10, vilimi 20 vya shaba, yaani vile vibati vyembamba vinavyotikisika na kutoa sauti. Shemeji anaishi Ujerumani, aliinunua huko kwa euro 45 na senti zake akanijia nayo Tanga mwezi wa kumi na mbili. Hohner ni wa siku nyingi, walianza Trossingen, hukohuko Ujerumani, mwaka 1857. Wanayo nyingine yenye jina kubwa zaidi, Marine Band, ya tangu 1896, ila ile ya kawaida kiunzi chake cha ndani ni cha mti. Mti ukipata mate kila siku, na juu yake unyevu wetu huu wa pwani, unavimba. Ya kwangu kiunzi ni plastiki. Sikuhitaji sababu nyingine.

Kabla ya hapo nilikuwa na ile ndefu ya mashimo madogomadogo 24, mnaijua, inauzwa kwenye boksi la kadibodi. Kila noti ina vilimi viwili vilivyopishana kidogo makusudi, ndiyo maana sauti yake inatetemeka. Kwa tenzi za jioni umeme umekatika, siidharau hata kidogo. Lakini ukiiweka pamoja na gita langu, ambalo nalo halikai kwenye tyuni zaidi ya nyimbo tatu, inakuwa kelele ya watu wawili wanaobishana.

Special 20 ukiipiga peke yako kibarazani inatosha kabisa. Do re mi yake inaanzia shimo la nne: puliza, vuta, puliza, vuta, unakwenda hivyo mpaka la saba, ambapo mambo yanageuka, unavuta kwanza ndipo unapuliza. Kila mtu anajikwaa hapo. Viganja ukivikunja nyuma yake na kuvifungua inalia wau-wau, na binti yangu wa miaka sita anaamini kuna mtoto mchanga humo ndani. Noti za kupinda, zile unazozishusha kwa ulimi huku unavuta, zilianza kunitii mwezi wa pili, na shimo la nne ndilo rahisi kuanzia.

Iliponiangusha ni kwenye taarabu. Mama aliniomba wimbo mmoja wa zamani, nikaujaribu jioni tatu mfululizo. Nyimbo hizo zina nusu noti ambazo hamonika hii haina, na kuzitafuta kwa kupinda kunahitaji mtu aliyekwisha kubobea. Mama akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ni nzuri, lakini siyo yenyewe." Anayetaka taarabu atafute ya kromatiki, yenye kitufe pembeni. Bei yake ni habari nyingine.

Sasa gita. Hii ndiyo sababu ya kuinunua, na hapa ndipo pana maneno.

Upande wa sauti sina lawama. Hamonika ya C ukiipuliza popote unapata kodi ya C (noti kadhaa zikilia pamoja, si ile ya TRA). Ukivuta mashimo manne ya kwanza unapata G, ukichukua la pili hadi la tano ni G7 kamili. F ndiyo kilema: unavuta la tano na la sita, gita linamalizia. Kwa nyimbo za kodi tatu umemaliza. Sauti yangu haipendi C, inapenda D, na badala ya kununua nyingine mapema nilidhani kapo, kile kibano cha shingo ya gita, itaniokoa. Haiokoi! Kapo inapandisha gita, hamonika inabaki palepale. Ukiimba D, unahitaji hamonika ya D, basi.

Halafu kishikio cha shingoni. Sitataja waliokitengeneza, nilikinunua mtandaoni kwa sababu kilikuwa rahisi. Ni waya mnene uliokunjwa, na skrubu mbili zenye masikio pembeni. Siku ya kwanza mtoto wa jirani aliniuliza, "Anko, umefungwa hatamu?" Hilo nililivumilia. Ambalo sikulivumilia ni skrubu kulegea zenyewe. Mara ya kwanza kukitumia mbele za watu, kwenye ubeti wa pili hamonika ikaanza kuinama polepole kuelekea kidevuni, nami naifuata kwa shingo, mikono yote miwili imeshikwa na gita. Nilimaliza wimbo nimepinda kama fundi cherehani. Siku iliyofuata nikakata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, nikaviweka chini ya skrubu, na mpaka leo hakijashuka.

Bado kuna usichoweza kukitengeneza kwa tyubu: hamonika ikiwa shingoni huna viganja, kwa hiyo wau-wau imekufa, na kichwa ndicho kinachokwenda kushoto na kulia. Wale wanamuziki wa bluzi wa Marekani, Sonny Terry alipuliza, Brownie McGhee akapiga gita na kuimba naye, na nikiwasikiliza naona waligawana kazi kwa akili. Yule jamaa wa kanisani akipiga gita mimi nikapuliza kwa mikono yangu, tunasikika kama watu wengine.

Usafi: usipulize baada ya kula visheti. Punje ya sukari iliziba shimo la tano nikavunjika moyo tena. Safari hii sikumwandikia shemeji. Nilifungua skrubu ndogo, nikapitisha mswaki laini taratibu kufuata urefu wa kilimi, ikalia.

Hamonika naipa nyota nne na nusu. Kishikio mbili, na moja ni ya tyubu.